Ufundi Unaohimili Nakala

Mwaka 1984 vijana wa Täby, kaskazini mwa Stockholm, walitoa santuri ya inchi 7 waliyoiita Kärnvapenattack, yaani shambulio la nyuklia. Bendi yao ilikuwa Mob 47, na lebo iliyotoa santuri hiyo, Röj, ilikuwa ya kwao wenyewe. Humo ndani wamebana nyimbo zinazokaribia kumi, na nyingi hazifiki dakika moja na nusu. Anayeisikia kwa mara ya kwanza huwa na neno moja tu la kusema: kelele. Simlaumu, maana sikio hupenda lilichozoea. Lakini nadai kwamba hii ni kazi ya fundi, tena fundi aliyejua kazi yake itapita njia gani kabla ya kumfikia msikilizaji. Njia yenyewe ilikuwa bahasha, mashine ya fotokopi, na kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine. Panki kali ya Sweden ya miaka ya 80 ilifaulu kwa sababu iliundwa, mara kwa kukusudia na mara kwa silika tu, iweze kunakiliwa na yeyote bila kufia njiani.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Wimbi la kwanza la panki liliingia Sweden mwishoni mwa miaka ya 70, na bendi yake iliyovuma kuliko zote, Ebba Grön ya Rågsved, ikajulikana nchi nzima. Waliofuata walikuwa wadogo kwa umri, wakali zaidi, na wengi walitoka miji isiyotajwatajwa katika habari za muziki: Anti Cimex walitoka Skövde, Asocial Hedemora, Avskum Kristinehamn. Magazeti makubwa hayakuwa na haja nao sana, na kampuni za santuri ndiyo kabisa. Kilichobaki kilikuwa posta. Kijana wa Skövde aliyetaka kusikika Tokyo au California alichukua anwani kwenye fanzini, yaani jarida dogo ambalo shabiki hulitunga, hulichapa na kuliuza mwenyewe. Kubwa kuliko yote lilikuwa Maximum Rocknroll, lililoanza kuchapishwa mwaka 1982 katika eneo la San Francisco, na ambalo kila toleo lilijaa ripoti za mashabiki kutoka nchi mbalimbali. Kijana aliandika barua, akatia kaseti na kuponi ya posta ya kulipia jibu, kisha akasubiri majuma. Wapo waliopaka gundi juu ya stempu ili mhuri uoshwe kwa maji na stempu itumike tena, na ujanja huo ulienea hata watu wakawa wanaomba waziwazi, mwishoni mwa barua, warudishiwe stempu zao.

Fanzini yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Maandishi yalipigwa kwa taipureta, vichwa vikaandikwa kwa mkono au kwa herufi za kubandika, picha zikakatwa magazetini kwa mkasi, vyote vikabandikwa kwenye karatasi moja na kupelekwa kwenye fotokopi, iwe ya shuleni, ya maktaba au ya ofisi ambayo bosi amekwenda nyumbani. Na fotokopi za siku hizo zilikuwa na uadui na rangi ya kijivu. Picha ya mpiga gitaa ikipita mara moja, uso unabaki. Ikinakiliwa kutoka kwenye nakala, mashavu yanakuwa meupe pe. Mara ya tatu kinabaki kinywa kilichoachama, matundu mawili ya macho na ukingo wa gitaa. Mchoro laini wa penseli unapotea kabisa, ilhali mchoro wa wino mzito unatoka mzima, pengine na ukali zaidi ya ule wa asili. Ndiyo maana majalada ya bendi hizi ni weusi na weupe mtupu: mafuvu, maiti za vitani, mawingu ya mabomu, majina yaliyochorwa kwa kalamu nene. Wako wanaosema huo ulikuwa umaskini tu, na ni kweli kwamba kuchapa kwa rangi kuligharimu fedha ambazo vijana hawakuwa nazo. Ila umaskini peke yake huzaa pia kazi mbovu, na fanzini mbovu zilikuwa tele. Aliyechagua mstari mnene na kuacha nafasi nyeupe kuuzunguka alifikiri kama mchonga muhuri: alijua ni kitu gani kitabaki kwenye karatasi ya mia.

Kwenye sauti mambo yalikuwa hayohayo. Kaseti inaponakiliwa, sauti za juu hufifia na mvumo wa utepe huongezeka, na yeyote aliyewahi kumiliki kaseti iliyopita mikononi mwa watu wengi anajua matokeo yake. Wimbo unaotegemea mguso mwepesi wa matoazi au pumzi ya mwimbaji huishia hapo. Mob 47 hawakuweka chochote cha thamani mahali pa hatari. Gitaa limekwaruzwa hadi limekuwa ukuta mmoja, besi inatembea juu ya noti zilezile, na mwimbaji hahangaiki na lahani. Kinachobeba wimbo ni ngoma. Mpigo wake leo huitwa di-biti, kwa kuwaenzi Discharge wa Uingereza walioutawanya duniani. Ngoma ndogo huanguka palepale inapotarajiwa, lakini ile ya mguu hailali juu ya pigo. Hugonga mara mbili, na mojawapo huwahi kidogo, hivyo wimbo wote huonekana kuinamia mbele, kama unataka kujikwaa na haujikwai. Punguza sauti za juu, ongeza mvumo, tia kwenye redio-kaseti ya spika moja, na bado mpigo huo utatambulika kabla hujakaa kitini. Kisha wimbo umekwisha. Hauna utangulizi wa kupasha moto, wala gitaa halipewi nafasi ya kujitapa katikati. Hata kaseti ikimeza nusu ya maneno, umbo la wimbo limefika salama, na ndiyo sababu bendi iliyoimba zaidi Kiswidi ilipata wafuasi kwa watu wasiojua neno hata moja la lugha hiyo.

Mpinzani makini atanikatiza hapa. Atasema kwamba mtindo huu haukuzaliwa na fotokopi wala kaseti. Discharge, vijana wa Stoke-on-Trent, waliurekodi studio na kuutoa kwa lebo ya kawaida, na albamu yao ya mwaka 1982, Hear Nothing See Nothing Say Nothing, ilikuwa madukani kabla Mob 47 hawajatoa santuri yao. Waswidi waliiga tu. Kuhusu kuiga sina ubishi. Hata picha na mada za vita walizichukua kwa Waingereza hao. Lakini hoja yangu haihusu mtindo ulizaliwa wapi, inahusu nini kilihifadhiwa na nini kilitupwa ulipofika mikononi mwa wengine. Tazama pande mbili zilivyoachana. Discharge walioanza yote waligeukia roki nzito ya kawaida, na albamu yao ya 1986, Grave New World, iliwaudhi mashabiki wao wa zamani. Mwaka huohuo, huko Sweden, bendi ya Protes Bengt, yenye watu wa Mob 47 ndani yake, ilitoa santuri ya inchi 7 yenye nyimbo 32. Ni mzaha, bila shaka, na baadhi ya nyimbo hizo huisha kabla hujajua zimeanza. Lakini mzaha hufuata mkondo wa maji, na mkondo wa Sweden ulikuwa unaelekea kwenye kubana na kupunguza. Nakiri kwamba haukuwa sheria ya chuma, maana Anti Cimex nao baadaye walirefusha nyimbo zao. Hata hivyo rekodi zao zinazoigwa zaidi hadi leo ni zile fupi za 1982 hadi 1984.

Pingamizi lingine huniburudisha zaidi, kwa sababu lina ukweli mwingi ndani yake. Sweden ni nchi yenye mtandao mkubwa wa elimu ya watu wazima, na jumuiya kama ABF, iliyoanzishwa na vyama vya wafanyakazi na vya ushirika mwaka 1912, hupata ruzuku ya serikali kuendesha vikundi vya kujisomea. Vijana wanne wenye magitaa wakijiandikisha kama kikundi cha kujisomea muziki, waliweza kupewa chumba cha mazoezi, pengine na vyombo. Watanzania wanaijua mizizi ya mti huu bila kujua: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, vilifuata mfano wa vyuo vya wananchi vya hukohuko. Basi watu huuliza, ni uasi gani huu wa kuitukana serikali ndani ya chumba kinacholipiwa na serikali? Jibu langu ni kwamba chumba hakijawahi kutunga wimbo. Vyumba hivyohivyo vililea bendi nyingi za kuchosha ambazo hakuna anayezikumbuka. Zaidi ya hapo, anayedhani di-biti ni rahisi ajaribu kuupiga kwa kasi ya Mob 47 kwa dakika tatu bila kuyumba, mguu utamweleza. Kasi ya namna ile hutokana na saa nyingi za kurudia, na saa hizo zilihitaji mahali ambapo jirani hatapiga simu polisi. Msaada uliishia mlangoni. Kutoka pale, kila hatua ilifanywa na vijana: kurekodi, kuchora jalada, kukunja karatasi, kulamba bahasha.

Kuna wanaokubali ufundi na kudharau ujumbe. Wanauona ni utoto, mabomu na kiama kila wimbo, na kiama hakikuja. Wanaosema hivyo wamesahau miaka ile. Machi 1980 Waswidi walipiga kura ya maoni juu ya nishati ya nyuklia. Oktoba 1981 nyambizi ya Kisovieti ilikwama kwenye miamba karibu na kituo cha jeshi la majini cha Karlskrona, na vipimo vya Waswidi vikaonyesha kwamba huenda ilibeba silaha za nyuklia. Kitabu cha simu cha kila nyumba kilikuwa na kurasa za kueleza la kufanya vita ikija. Na nchi iliyojivunia amani na kutofungamana na upande wowote ilikuwa muuzaji hodari wa silaha: katikati ya miaka ya 80, baada ya chama cha wapenda amani kuishtaki kampuni ya Bofors polisi, ilidhihirika kwamba makombora yake ya Robot 70 yalipelekwa kwa magendo Dubai na Bahrain kupitia Singapore. Ukiwa na miaka kumi na saba katika nchi hiyo, wimbo wa sekunde sabini unaodai silaha zipunguzwe hauna utoto wowote. Ni muhtasari mzuri wa gazeti la asubuhi.

Lawama moja siwezi kuitetea. Ukumbi huu ulikuwa wa wavulana. Wasichana waliandika fanzini, walipanga maonyesho na walipiga muziki pia, lakini majina yaliyobaki kwenye majalada ni ya wanaume karibu yote. Anti Cimex walifikia kuipa santuri yao ya 1983 jina la ubakaji kama vile ni kitu cha kushtua tu. Fundi aliyejua kuchagua kila mstari anawajibika pia kwa mistari ya namna hiyo.

Kazi yenyewe imeishi kuliko vyombo vilivyoisafirisha. Ukali wa panki hii uliingia katika metali ya kifo ya Sweden iliyokuja kutikisa dunia mwanzoni mwa miaka ya 90, na Tomas Lindberg, mwimbaji wa At the Gates ya Gothenburg, aliimba pia katika Disfear na Skitsystem, bendi mbili zilizoendeleza mpigo uleule. Maximum Rocknroll liliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2019. Mob 47 wenyewe walirudi jukwaani katika miaka ya 2000, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1984 wakawa mbele ya jukwaa. Anayetaka kunipinga asinipinge kwa kusoma. Aitafute Kärnvapenattack, aisikilize mara mbili mfululizo kwenye spika mbovu kuliko zote zilizomo nyumbani kwake. Nusu saa haitakwisha.