Fleti ya Kifahari na Kambi ya Mkonge: Uhakiki wa Tangazo la Nyumba

Makada wengi wa Handeni na Korogwe, wanapokuta tangazo la fleti ya kifahari inayouzwa Upanga au Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, hulipita. Huliona kuwa ni jambo la matajiri wa mjini, lisilomhusu mkulima wa mahindi wa Sindeni wala mkata mkonge wa Ngombezi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo ni kosa. Tangazo la nyumba ni maandishi ya kisiasa. Kada asiyeweza kulisoma hawezi kuwaeleza wananchi jasho lao linakwenda wapi.

Tangazo linasema nini, na linaficha nini

Matangazo hayo yanafanana. Nyumba ni ya kisasa. Ipo ghorofa ya juu kabisa. Ina mandhari ya bahari, lifti, jenereta na ulinzi wa saa 24. Na ipo katika mtaa wa kihistoria, karibu na huduma zote. Kwa miaka mingi bei ilitajwa kwa dola za Marekani, mpaka kanuni za mwaka 2025 zilipopiga marufuku kutaja bei kwa fedha za kigeni nchini.

Tuangalie lugha yenyewe. Nyumba "inauzwa", lakini hakuna aliyeijenga. Fundi, kibarua na mbeba zege hawamo. Huduma "zipo karibu", kama vile ziliota zenyewe. Historia nayo imegeuzwa pambo la kupandishia bei. Huo ndio ustadi wa lugha ya kibepari: hueleza kitu kwa ukamilifu na kuwanyamazia watu waliokifanya. Mhakiki anayesifu mandhari tu, au anayelalamikia bei tu, ameshanaswa na lugha hiyo.

Thamani ya mahali imetoka wapi?

Saruji, nondo na ujira vina gharama yake, na gharama hiyo ni halali. Lakini jenga vyumba vilevile, kwa saruji ileile, pale Mkata wilayani Handeni. Je, vitapata bei ya Upanga? Havitapata hata kidogo. Basi sehemu kubwa ya bei si ya nyumba, bali ni ya mahali. Na mahali hapo hapakutengenezwa na muuzaji.

Hapa ndipo Korogwe inapoingia katika hadithi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kama SILABU, nayo ikawaleta manamba kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Fedha za kigeni zilizotokana na singa hizo zilisaidia kuijenga nchi, na miji ndiyo iliyonufaika kwanza kwa barabara, bandari, ofisi na hospitali.

Mwaka huohuo wa 1964 kituo cha umeme cha Hale, chenye megawati 21, kilianza kazi juu ya Mto Pangani. Nyaya zake zilipita juu ya vijiji vyetu kwenda Tanga na Dar es Salaam. Wakati huo mwanamke wa Handeni, wilaya inayojulikana nchi nzima kwa shida ya maji, alitembea gizani na ndoo kichwani. Kwa hiyo neno "huduma zote" katika tangazo lina jasho la watu ambao hawakupata huduma hizo. Muuzaji anayetoza bei ya mahali anatoza malipo ya kazi ya umma mzima.

Historia ya nani?

Mitaa ya katikati ya Dar es Salaam iligawanywa na ukoloni kwa rangi: Mzungu ufukweni, Mhindi katika mtaa wa biashara, Mwafrika Kariakoo na pembezoni. Nyumba nyingi za ghorofa mbili au tatu, zenye jina la mwenyewe na mwaka wa kujengwa vikiwa vimechongwa ukutani, zilijengwa ili kupangisha.

Mwezi Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Shabaha ilikuwa kukata mrija wa kodi ya nyumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Mwaka 2008 sheria iliruhusu mtu kumiliki na kuuza sehemu tu ya jengo. Hapo ndipo fleti ilipoweza kuwa bidhaa kamili, na nyumba nyingi za zamani zikabomolewa kupisha minara.

Hatuna budi kujikosoa. Wako wanaosema kwamba yote yaliharibiwa na soko. Si kweli. Majengo yaliyotaifishwa yaliachwa yavuje. Kodi ilikuwa ndogo, matengenezo hayakufanyika, na baadhi ya wapangaji walipangisha kwa siri na kudai kilemba. Mrija tuliokuwa tumeukata mlangoni uliingia kwa dirishani. Mali ya umma isiyotunzwa humwandalia bepari hoja yake: huja na kusema, "Nipeni mimi, nyinyi mmeshindwa."

Lakini soko nalo lina hesabu yake. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya mji, lilianguka na kuua watu 36. Miongoni mwao walikuwamo wafanyakazi wa ujenzi, walewale wasiotajwa katika matangazo. Hiyo pia ni historia ya mtaa wa kihistoria, na hakuna muuzaji atakayeiandika.

Kioo cha nyumbani

Tusidhani, hata hivyo, kwamba nyumba ya kifahari ni ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake. Sisi wa Korogwe tumeishi nayo tangu mashamba yalipoanza: nyumba ya meneja juu ya kilima, yenye baraza pana na upepo, chini yake kambi, safu za vyumba ambamo familia nzima ilibanana. Aliyetaka kujua mahusiano ya uzalishaji hakuhitaji kitabu. Aliinua macho kilimani.

Mwezi Oktoba 1967 sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ilitaifishwa. Katika mashamba mengi meneja mpya wa umma alihamia katika nyumba ileile, na mfanyakazi akabaki kambini. Tulibadili mkaaji, hatukubadili umbali kati ya kilima na kambi. Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea ubwana wa viongozi. Azimio la Arusha lilikuwa limeshamkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Uamuzi wa Zanzibar wa mwaka 1991 uliyalegeza masharti hayo. Kada kijana anayelitazama tangazo la fleti kwa tamaa ya kununua na kupangisha ajiulize: mimi ninaelekea kambini au kilimani?

Msimamo sahihi

Mwaka 1872 Engels, akiandika juu ya makazi ya wafanyakazi wa Ujerumani, alionya kwamba bepari halimalizi tatizo la makazi. Hulihamisha tu kutoka mtaa huu kwenda mwingine. Onyo hilo linatukinga na makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba tatizo litakwisha kila mtu akipewa mkopo anunue fleti. Mkata mkonge hawezi kukopa kwa ujira ambao hautoshi chakula. La pili ni kuichukia ghorofa yenyewe. Ghorofa huokoa ardhi na si adui wa mtu. Wivu si itikadi.

Swali la kitabaka ni hili: faida ya mahali inakwenda kwa nani? Ardhi ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Basi ongezeko la thamani lililotokana na kazi ya umma lirudi kwa umma kwa njia ya kodi ya ardhi inayokusanywa kwa haki. Lirudi likiwa bomba la maji Handeni, na vyumba vinavyomfaa binadamu kambini Korogwe. Shirika la umma linalojenga lipimwe kwa idadi ya wenye kipato kidogo waliopata makazi, na si kwa urefu wa minara.

Darasa lijalo la tawi, tangazo moja la nyumba lisomwe kwa sauti, kisha wanachama wajibu: Nani amejenga? Nani ametengeneza mahali? Nani alikaa hapo kabla, na amekwenda wapi? Nani anachukua faida? Darasa litakalojibu maswali hayo manne bila woga, likijihesabu na lenyewe, litakuwa limejifunza siasa.