Hofu Iliyopewa Kazi

Miongoni mwa kazi ambazo watumishi wa umma hutakiwa kuzifanya bila kufundishwa, ile ya kusimama mbele ya watu na kuwaeleza mpango inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 10, inautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Ndiyo maana afisa wa maji au wa kilimo wa Mwala, katika Kaunti ya Machakos, hulazimika kuiacha meza yake na kwenda Masii, Wamunyu au Muthetheni, akautetee mpango wake mbele ya wale ambao kodi yao ndiyo itakayoulipia.

Hofu inayomshika afisa huyo usiku wa kuamkia baraza ina asili yake mwilini. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, yaani homoni inayouandaa mwili kupambana au kukimbia, na hapo moyo huenda mbio na kinywa hukauka. Hata hivyo, kwa kutegemea majaribio yaliyochapishwa na wanasaikolojia Yerkes na Dodson mwaka 1908, wenzao wengi wameshikilia kuwa msisimko wa kiasi huinoa akili, ilhali uliopita kiasi huivuruga, hasa kazi inapokuwa ngumu. Mjuzi wa kuwasilisha, basi, haifukuzi hofu, huipa kazi.

Kazi ya kwanza ni kuwafikiria wasikilizaji, kwa kuwa anayejiuliza ataonekanaje huzidi kutetemeka, ilhali anayejiuliza wasikilizaji watamwelewaje hupata la kufanya. Ripoti ikisema kwamba tangi litahifadhi mita 50 za ujazo, afisa makini hukaa chini akakokotoa: hizo ni lita 50,000, sawa na mitungi 2,500 ya lita 20. Mama aliyezoea kupanga foleni kwenye kioski cha maji ataupima mpango huo papo hapo, na pengine aulize utatosha kaya ngapi wakati wa kiangazi. Swali hilo afisa awe amelijibu tayari kwenye daftari lake.

Kazi ya pili ni mazoezi ya kusema kwa sauti, kwa mpangilio ule ule wa wachongaji wa Wamunyu, ambao hulitoa umbo kwa tezo kabla ya kugusa msasa: hoja kuu tatu hutangulia, mapambo ya lugha hufuata. Mazoezi hayo hufanywa kwa kusimama, saa ikiwa mezani, mbele ya mfanyakazi mwenza aliyeombwa aulize maswali makali, na kwa lugha itakayotumika barazani, iwe Kiswahili au Kikamba. Sentensi mbili za kufungulia huhifadhiwa kwa moyo, maana mwanzo wa ngoma ni lele. Nayo pumzi inayotolewa polepole kuliko ilivyoingizwa husaidia kuutuliza moyo kabla ya kusimama.

Ufundi huu ni sehemu ya haki, kwa sababu mwananchi asiyeuelewa mpango hawezi kuukubali wala kuupinga kwa sababu za maana. Ofisi inayotenga pesa za mafuta ya gari la kwenda barazani haina budi kutenga pia saa za mazoezi, kwani safari isiyoandaliwa hivyo humfikisha afisa kwa wananchi bila kuufikisha mpango wake.