Wadai wa Mto Kongo

Mjomba wangu hupenda kukaa nje ya kinyozi hapa Malili, akiangalia Barabara ya Mombasa. Anahesabu malori ya Kongo. Anayatambua kwa namba zake, na kila likipita moja anasema, "Hilo bado lina safari." Mguu wake mmoja ulibaki kwenye barabara hii hii. Faili lake la fidia sasa lina miaka kumi na tatu, limenenepa kuliko Biblia, na shilingi hajaiona.

Ndiyo sababu rafiki aliponipa *En route pour le milliard* kwenye flashi, nilibeba laptopu moja kwa moja hadi kwake. Ni filamu ya hali halisi ya Dieudo Hamadi, ya mwaka 2020, na jina lake ni kama kusema "safarini kuifuata bilioni". Nilijua inahusu watu waliopoteza viungo vitani na wanaodai haki yao. Niliogopa itamuumiza. Niliogopa zaidi itamchosha, maana filamu za baada ya vita unazijua: piano ya huzuni, droni juu ya mabati, mtaalamu mbele ya rafu ya vitabu, kisha mama analia na kamera inamsogelea. Mwishoni kuna mradi wa cherehani.

Hamadi hana hata kimoja cha hivyo.

Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, ambayo yaliingia Kongo yakiwa upande mmoja, yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku sita ndani ya Kisangani, mji ambao si wa Rwanda wala wa Uganda. Hamadi alizaliwa huko mwaka 1984, kwa hiyo alikuwa kijana wa miaka kama 16. Hao waathiriwa alishawagusa kwenye filamu yake ya awali, *Maman Colonelle*. Safari hii hawahoji kuhusu siku bomu lilipoanguka. Anawakuta wakiwa kwenye mkutano wa chama chao, wanabishana. Nani asafiri, pesa zitoke wapi, kiongozi amefanya nini miaka yote hii. Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Hawa ni kama kamati yetu ya maji!"

Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nianze kuielewa filamu. Kwa Kiswahili tuna neno "mwathiriwa", la kwenye ripoti na warsha. Lakini tuna pia "mdai". Mwathiriwa anaulizwa alijisikiaje. Mdai anakuuliza utalipa lini. Mdai anaruhusiwa kuwa msumbufu, kukosea hesabu, kuwanunia wenzake. Hamadi amewapiga picha wadai, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yote ya filamu hii.

Halafu wanapanda boti. Kutoka Kisangani hadi Kinshasa ni kilomita kama 1,700 za mto, na hawa ni watu wa magongo na miguu ya bandia, wamebanana na abiria wengine pamoja na mizigo yao. Mvua inapopiga, kila mtu anashika turubai kwa mkono alio nao. Kamera haipati pa kusimama, nayo inaloa tu kama abiria. Sijaona sehemu nzuri kuliko hii kwenye dokumentari yoyote ya ukanda wetu, na ingeweza kuwa ndefu maradufu.

Katikati yake nilifanya kituko. Nilichukua daftari nikaziba maandishi ya chini. Kilingala kilinipita, lakini Kiswahili kilipokuja kilinijia chote: Kiswahili cha Kongo, chenye "batu" pale sisi tunaposema "watu", nacho hakihitaji mkalimani kufika Malili. Filamu kama hii inatufikia kupitia tamasha za Ulaya, ikiwa na jina la Kifaransa. Watu wanaoongea lugha yetu wanatufikia kwa kupitia Paris!

Nina ugomvi mmoja na Hamadi. Mara kwa mara anaikata safari na kutupeleka jukwaani, ambapo waathiriwa hao hao wanaigiza na kuimba yaliyowapata, gizani, kwa taa ya tamthilia. Kwangu, boti ilikuwa imeshasema hayo. Mjomba alikataa kabisa. "Mama," akasema (ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake), "hapo jukwaani ndipo pekee wanaongea bila mtu kuwakatiza." Sijakubali bado, lakini sina jibu.

Kinshasa wanaikuta ikiwa kwenye joto la uchaguzi wa 2018. Wanasimama nje ya bunge na mabango yao, na mlango hauwafungukii. Filamu haielezi sana upande wa mahakama, na hapo mtazamaji anahitaji msaada kidogo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiona Uganda na hatia mwaka 2005. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama 2006 kwa sababu mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Februari 2022, filamu ikiwa imeshazunguka dunia, Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu. Malipo ya kwanza, dola milioni 65, yalitolewa mwaka huo huo. Lakini aliyelipwa ni serikali ya Kongo. Kutoka hapo hadi kwa mwenye gongo ni mto mwingine.

Na sisi tusijifanye watazamaji wa mbali. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, zaidi ya miaka hamsini baadaye. *Our Land, Our Freedom* ya Zippy Kimundu na Meena Nanji, ya 2023, inamfuata Wanjugu Kimathi akiutafuta mwili wa babake, Dedan Kimathi. Zitazame zote mbili, ukianza na ya Hamadi.

Majina ya mwisho yalipopita mjomba aliuliza swali moja: wamelipwa? Nikamweleza habari za mahakama. Akanyamaza, akauliza tena, wale wa kwenye boti, wamelipwa?

Rafiki yangu anadai flashi yake. Bado iko kwa mjomba, anasema kuna jamaa mwingine pale stejini mwenye faili.