Hesabu iliyombeba I. F. Stone: mwaka wa kwanza wa kijarida chake

I. F. Stone, mwandishi wa habari wa Marekani, husifiwa kwa ujasiri, na sifa hiyo anaistahili. Kijarida chake cha kila wiki kilianza kutoka mjini Washington tarehe 17 Januari 1953, siku tatu kabla Eisenhower hajaapishwa kuwa rais wa Marekani. Ulikuwa ndio mwaka ambao Seneta Joseph McCarthy alishika uenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti iliyowaita watu na kuwahoji kuhusu ukomunisti. Mwandishi wa mrengo wa kushoto aliyepoteza kazi wakati huo hakuwa na milango mingi ya kubisha hodi. Hata hivyo, ujasiri peke yake haumlipi mchapaji. Kwangu mimi jambo kubwa la mwaka ule ni namna Stone alivyopanga fedha, kurasa na muda wake, hata akaweza kuandika bila kuomba ridhaa ya mtu.

Tuanze na fedha, maana humo ndimo siri ilimo. Daily Compass, gazeti la New York alilokuwa akiliandikia, lilifungwa Novemba 1952. PM na New York Star, alikofanya kazi kabla ya hapo, nayo yalikuwa yamekwisha kufa. Mkononi alikuwa na kiinua mgongo cha dola 3,500, na rafiki mmoja akamkopesha dola 3,000 bila riba. Mtaji wenyewe ulikuwa huo. Kilichozidi thamani ya mtaji ni orodha za anwani: wasomaji wa magazeti hayo matatu, pamoja na watu waliowahi kununua vitabu vyake. Aliwaandikia akiwaomba walipe ada ya mwaka mzima, dola 5. Walioitikia hadi toleo la kwanza linatoka walikuwa 5,300.

Zidisha: dola 26,500, zimelipwa kabla ya kazi. Angeuza nakala mojamoja mitaani, kila wiki angelazimika kutafuta kichwa cha habari cha kumsimamisha mpita njia. Angetegemea matangazo, angelazimika kumfikiria mwenye duka. Stone hakupokea matangazo kabisa. Msomaji aliyekwisha kulipia mwaka humpa mwandishi nafasi ya kuandika jambo gumu wiki hii, akalifafanua wiki ijayo, na akaudhi watu katikati bila kijarida kuanguka.

Matumizi nayo aliyabana. Kijarida kilikuwa na kurasa nne tu. Mkewe, Esther, alishika upande wa biashara: ada na majina ya wasomaji. Sioni haki kuita kazi hii ya mtu mmoja bila kumtaja mama huyu. Kisha kuna posta. Stone alipata kibali cha kutuma kwa nauli nafuu ya magazeti, na mwenyewe alisimulia baadaye kwa shukrani kwamba hakuulizwa swali lolote la kisiasa. Kwa kijarida cha dola 5, nauli ya barua ya kawaida ingekula sehemu kubwa ya ada.

Sura ya kijarida pia ilikuwa uamuzi. Alichagua herufi za Garamond, vichwa vya habari vya upole, mpangilio wa heshima. Hoja zilikuwa kali, kwa hiyo mavazi yakawa ya kiasi, ili msomaji aweze kumwonyesha mwenzake wa ofisini asidhaniwe mtu wa fujo.

Habari alizipata wapi, naye hakuwa mtu wa kualikwa kwa wakubwa? Alisoma. Masikio yake yalikuwa mazito, na hilo lilimsukuma zaidi kwenye kumbukumbu zilizochapishwa za vikao vya Bunge, ripoti za serikali na magazeti mengi kila siku. Akanukuu maandishi ambayo msomaji angeweza kuyatafuta na kuyahakiki. Mwandishi anayeshambuliwa kwa itikadi yake hana ngao bora kuliko maneno ya serikali yenyewe.

Njia hiyo ilitoa tunda lake mashuhuri miaka michache baadaye. Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi huko Nevada, jaribio lililoitwa Rainier. Mwaka 1958 Tume ya Nishati ya Atomiki ilisema mlipuko haukuweza kugunduliwa zaidi ya maili 200, takriban kilomita 320. Kauli hiyo ilikuwa na uzito, kwa sababu ingekuwa kweli, mkataba wa kupiga marufuku majaribio usingeweza kusimamiwa. Stone alikuwa ameweka vipande vya gazeti vilivyosema mtikisiko ulisikika miji ya mbali. Akawauliza wataalamu wa serikali wa matetemeko, wakampa orodha ya vituo vilivyounasa, kimojawapo Fairbanks, Alaska, kama maili 2,300 kutoka hapo. Tume ikasahihisha kauli yake.

Wasomaji waliongezeka polepole. Mwaka 1955 walikuwa takriban 10,000. Nauona mwendo huo kuwa afya, kwa kuwa gharama zilipangwa kwa 5,300 tangu mwanzo na kila aliyeongezeka alikuwa nyongeza halisi. Udhaifu wa mpango ulikuwa mmoja, nao ulionekana mwishoni: kila neno lilipita katika kichwa kimoja. Moyo wake ulipougua, kijarida kikawa cha kila wiki mbili. Alikifunga Desemba 1971, wakati wasomaji walikuwa kama 70,000 na fedha haikuwa tatizo tena.