Nani Aliyesamehe? Kitenzi cha Msamaha katika Ushuhuda wa Wakristo wa Kakamega

Ushuhuda wa mtu aliyetubu ni utanzu wa fasihi simulizi ambao wahakiki wameupita kando, labda kwa kuwa huhesabiwa kuwa mali ya wachungaji. Hata hivyo una fanani wake, una hadhira, na una umbo linalotambulika: maisha ya zamani, tukio la kugeuka, kisha hali ya sasa. Katika eneo lililokuwa wilaya ya Kakamega kabla Vihiga haijatengwa nayo mwaka 1990, utanzu huu umekua mahali ambapo namna tatu za kuupokea msamaha wa Mungu zimeishi jirani kwa jirani. Marafiki, yaani Wakweka, waliofika Kaimosi mwaka 1902, hawana kasisi wa kuungamia wala sakramenti ya nje. Mtu husimama mwenyewe mbele ya Mungu. Wakatoliki wa Mumias na Mukumu wanacho kitubio, na dhambi husemwa katika sikio la padri mmoja. Namna ya tatu ni ya makanisa ya Roho, yaliyotokana na mtikisiko wa Kaimosi wa mwaka 1927, waumini walipolia na kuungama makosa yao mbele ya watu wote hata uongozi ukaikataza ibada ya namna hiyo. Kuungama hadharani kukapata makao pia katika African Israel Church Nineveh, kanisa lililoanzishwa na Daudi Zakayo Kivuli mwaka 1942.

Tofauti hizi kwa kawaida hujadiliwa kama mambo ya itikadi. Inafaa kuzitazama upande wa lugha, kwa sababu Kiswahili cha kanisani kina neno moja kuu la jambo hili, nalo hubeba mizigo miwili. Kusamehe ni kufuta kinachodaiwa: mtu husamehewa kodi, mwanafunzi husamehewa ada. Tena kusamehe ni kumrudisha mtu katika uhusiano uliovunjika. Wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 walishika mzigo wa kwanza walipoweka neno “deni” katika sala ya Bwana kwa Mathayo, ilhali sala ya Wakatoliki ina “makosa”. Anayeomba afutiwe deni anaweza kutoka kanisani akiwa na hesabu safi bila kumtazama mtu yeyote usoni. Ni kweli kwamba sala yenyewe humkumbusha wadeni wake. Lakini hapo yeye ndiye mwenye kudai, si mwenye kudaiwa.

Jambo kubwa zaidi limo katika minyambuliko. Kitenzi “okoa” huzaa “okolewa” na pia “okoka”. Katika kauli ya kutendwa mtenda yupo, hata asipotajwa. Katika kauli ya kutendeka ametoweka, ikabaki hali tu. Yeyote anaweza kuipima tofauti hii kwa swali dogo. Mtu akisema “nimeokolewa”, swali “na nani?” huingia bila shida. Akisema “nimeokoka”, swali hilo halina pa kushika; “nimeokoka na Yesu” ni sentensi inayokwaruza sikio. Nao uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda na Kenya ulichagua “okoka”. Kiambishi “-me-” huongeza nguvu: kama vile “amelala” na “amechoka”, hutaja tendo lililokwisha pamoja na hali inayodumu.

Kitenzi “samehe” hakikubali njia hiyo. “Sameheka” ipo, lakini hutaja uwezekano, na aghalabu hukanushwa, kama katika kusemea dhambi isiyosameheka. Hakuna anayesimama na kusema “nimesameheka” kwa maana ya kwamba mambo yamekwisha. Msamaha, kwa sarufi yake, humdai mtenda.

Hapa ndipo ushuhuda mwingi unapopwaya kifani na kimaadili. Msimulizi hutaja wizi wa ng’ombe au ugomvi wa shamba, hugusa “nimesamehewa” kwa haraka, kisha hukimbilia “nimeokoka”, ambapo hakuna awezaye kumwuliza “na nani?”. Mwenye ng’ombe hana nafasi katika hadithi. Amani ya moyo anayoieleza msimulizi si ya uongo. Lakini ni amani iliyopatikana kwa kumwondoa mhusika mmoja jukwaani.

Yapasa kuwa na hadhari. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alijenga fikra za Waafrika juu ya wakati kutokana na njeo za vitenzi, na akalaumiwa kwa haki: njeo si akili ya mtu. Vivyo hivyo kauli ya kutendeka haimlazimishi Mkristo wa Kakamega kumsahau jirani yake. Humpa mlango tu, naye huchagua kupita au kutopita. Lakini Mbiti huyo huyo alionyesha kwamba kosa, katika mawazo ya jamii nyingi za Afrika, ni kwanza kosa dhidi ya mtu, na hoja hiyo haitegemei njeo yoyote.

Kwa mtazamo huu kuungama hadharani, ambako wasomi wengine hukuona kuwa ni jazba tupu, kunapata maana nyingine. Katika kusanyiko la kijijini, aliyekosewa huenda ameketi papo hapo. Msimulizi anayesema “nimesamehewa” anasema mbele ya mtu ambaye hajasema neno. Hadhira ikinyamaza, ikiguna, au ikipokea kwa wimbo, inalijibu swali ambalo kitenzi kimeliacha wazi, na pengine kauli hugeuka ikawa “tumesameheana”, kauli ambayo mtu mmoja hawezi kuitamka peke yake. Lakini kusanyiko laweza pia kumshurutisha mnyonge asamehe kwa kuwa macho yote yanamtazama. Mjane aliyenyang’anywa shamba hana nguvu sawa na shemeji anayelia machozi mbele ya mzee wa kanisa. Wanaousifu uungamaji wa hadharani hawajalishughulikia jambo hili vya kutosha.

Wakusanyaji wa fasihi simulizi wamezoea kuandika maneno ya mtoa ushuhuda peke yake, na kuacha minong’ono, nyimbo na ukimya wa walioketi. Kwa utanzu huu hasara yake ni kubwa, kwani maandishi ya namna hiyo hayaonyeshi kama mwenye ng’ombe alikuwapo, wala alifanya nini wimbo ulipoanza.