Sauti Inayotangulia Mguu

Katika dansi za kontra za New England, Marekani, anayeita haimbi wala hachezi, na kazi yake ikienda sawasawa watu husahau kwamba yupo. Wachezaji hujipanga safu mbili ndefu zinazotazamana. Fidla na piano hupiga wimbo wa mapigo 64. Wimbo ukirudi mwanzo, kila jozi imeshasogea na kukutana na majirani wapya.

Mwondoko mmoja kwa kawaida huchukua mapigo 8, na jina lake lazima litamkwe kabla haujaanza, ndani ya mapigo manne ya mwisho ya ule uliotangulia. Hizo ni sekunde mbili tu. Ukiwahi mno, wenye pupa wanakurupuka. Ukichelewa, miguu imeshakwenda kwingine. Ni kazi ya utingo, kutaja kituo gari likiwa bado linakwenda.

Asili ya mchezo ni Uingereza, ambako John Playford alichapisha kitabu chake cha dansi mwaka 1651. Ukapita Ufaransa, ukavuka bahari. Hata Shelisheli, majirani zetu wa Bahari ya Hindi, wanao wa ukoo huohuo, kamtole, nao una mtu wa kuita. Kitu kilichosafiri hivyo hakikosi kushikwa kwa namna nyingi.

Tazama nyota: watu wanne hunyoosha mkono wa kulia katikati na kuzunguka. Kuna kumbi ambazo kila mmoja hushika kifundo cha mkono cha aliye mbele yake. Kwingine, waliokabiliana hupeana viganja. Kwenye kupishana kulia na kushoto, hawa hupeana mikono, wale hupita bega kwa bega tu. Mgeni akija na desturi ya kwao, mikono hubabaika hewani, na muziki haumngoji mtu.

Mwitaji mchanga huona hapo pana kosa la kusahihisha. Ninaowavulia kofia ni wale wanaofika mapema, wakasimama pembeni kutazama wenyeji wanavyoshikana, ndipo wakaamua. Ikiwa namna zote mbili zinamfikisha mchezaji mahali pamoja kwa pigo lilelile, wananyamaza. Ikiwa mwondoko unaofuata unadai mkono fulani uwe huru, wanasema mapema, watu wakipitishwa polepole kabla ya muziki: “Nyota ya leo ni ya viganja.” Basi. Hawaongezi kwamba kwao ndiko kwenye kontra halisi.

Mtihani mgumu zaidi ni Petronella, dansi kongwe yenye asili ya Uskoti. Wachezaji wamejiongezea makofi mawili mwishoni mwa kujizungusha, ambayo hayamo katika maelezo ya kale. Wapo wakongwe wasiotaka kuyasikia, na hoja wanayo: mkono unaopiga kofi huchelewa kushikana na mwenzake. Nakubaliana nao, ila vita hivyo wameshashindwa. Mwitaji mwerevu hayakatazi makofi, hutupa neno “mikono!” mara tu yanapolia.

Raundi zikisonga, maneno ya mwitaji hupungua: sentensi inakuwa neno, neno linakuwa kimya. Jicho lake sasa liko kwenye ncha za safu, ambako jozi iliyofika mwisho hukaa nje raundi moja, ikabadilishana pande, ndipo ikaingia tena. Huko ndiko watu hupotea, hata waliozoea, na huko bado hulazimika kusema: “Badilishaneni!”