Siku ya saba ndiyo iliyoamua

"Maliza dozi," anasema mfamasia dirishani, nasi tunaondoka bila kuuliza idadi ile ya siku imetoka wapi. Kwa wenye sistiki faibrosisi swali hilo ni zito. Huu ni ugonjwa wa kurithi: hitilafu kwenye jeni ya CFTR huvuruga upitaji wa chumvi na maji katika seli, makohozi yanakuwa mazito ya kunata, na bakteria, hasa Pseudomonas aeruginosa, wanafanya makazi mapafuni. Kila baada ya muda hali inachafuka. Kikohozi kinazidi, pumzi inakata, mwili unachoka. Mgonjwa anatundikiwa dripu ya antibiotiki, mara nyingi aina mbili kwa pamoja, na hata hivyo takriban mmoja kati ya wanne harudii nguvu ya mapafu aliyokuwa nayo.

Dripu ya siku ngapi? Mwongozo wa kitabibu wa Marekani wa mwaka 2009 ulikiri kwamba ushahidi wa kutaja muda ulio bora haukuwepo. Kila daktari akabaki na mazoea yake. Na wiki moja ya ziada si jambo dogo: dawa kama tobramycin huweza kudhuru figo na masikio, na mtu mwenye kazi na watoto anaendelea kuishi na mrija mkononi.

Jaribio la STOP2, lililotafuta jibu la swali hilo la siku, lilifanyika Marekani kuanzia 2016 hadi 2020, Christopher Goss na Patrick Flume wakiwa miongoni mwa viongozi wake, na liligawa kwenye makundi watu wazima 982. Ninachokienzi zaidi ni siku waliyochagua kugawa. Wangeweza kupiga kura siku ya kwanza: wewe siku 10, wewe 21. Lakini daktari gani angekubali kumwachisha dawa siku ya kumi mgonjwa ambaye bado anahema? Basi wote wakaanzishiwa matibabu, na ilipofika kama siku ya saba ndipo wakapimwa.

Kipimo chenyewe kinachosha. Mgonjwa anavuta pumzi hadi kifua kijae, anabana midomo kwenye mrija wa spairometa, kisha anapuliza kwa nguvu zake zote mpaka hewa imwishie, na kikohozi kikimkatiza anarudia. Hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza inalinganishwa na ya mtu mwenye afya wa umri, jinsia na kimo chake, ikatolewa kwa asilimia. Pia anajaza dodoso la dalili nane, lenye alama 0 hadi 100. Aliyepanda pointi 8 za asilimia au zaidi, na dalili zake zikashuka alama 11 au zaidi, alihesabiwa amepata nafuu mapema. Walikuwa 277. Waliobaki, 705.

Hapo kila kundi likapewa swali lake, na kura ikaamua nani apate siku ngapi. Kwa wenye nafuu waliuliza: je, siku 10 si duni kuliko 14? Kwa wengine waliuliza kinyume: je, siku 21 ni bora kuliko 14? Mtu akiyachanganya maswali haya mawili atayasoma vibaya matokeo yote. Jibu lilipimwa wiki mbili baada ya kila mmoja kumaliza dawa yake, ili ionekane kama nafuu inadumu dripu ikishaondolewa.

Wenye nafuu ya mapema walipanda kwa wastani wa pointi 12.8 kwa siku 10, na 13.4 kwa siku 14. Tofauti hiyo ni ndogo mno kumfanya mtu aongezewe siku nne za sindano. Ieleweke tu kwamba wagonjwa na madaktari walijua nani yuko kundi gani, na kwamba watoto hawakuhusishwa. Sitapenda kuona mtu akimkatia mwanawe dozi kwa takwimu hizi.

Kundi la pili ndilo linaloniuma. Siku 21 ziliwapa pointi 3.3, siku 14 zikawapa 3.4. Wiki nzima ya ziada, pamoja na hatari yake kwa figo na masikio, haikuwaongezea kitu. Nao ndio wengi: watu 705 kati ya 982. Kwao, kurefusha dozi ile ile kumeshajaribiwa na kumeshindwa. Kinachofaa kujaribiwa sasa ni dawa nyingine, au namna nyingine ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, na uamuzi huo uanze kufikiriwa siku ile ya saba, spairometa inapoonyesha kwamba pumzi haijapanda.